Pektini ya sukari kidogo: nimeijaribu kwa zabibu za Dodoma

Mzee wangu ana kisukari na anapenda mkate wa jeli, basi ugomvi wa kila asubuhi. Nikaagiza pektini (unga wa kugandisha jeli) isiyotegemea sukari ili igande. Yenyewe inagandishwa na kalsiamu, inayokuja kwenye kipakiti chake pembeni. Shilingi 28,000. Nilishtuka, lakini boksi moja limenipikia mara tatu na bado lina kitu.

Zabibu nilichukua Hombolo, zile nyekundu za aina ya Makutupora. Nilizichemsha, nikachuja kwa kitambaa usiku kucha bila kukamua (ukikamua, jeli haiwi angavu). Vikombe 4 vya juisi, robo kikombe cha ndimu, vijiko vya chai 4 vya maji ya kalsiamu (ile ya kipakiti, ikikorogwa kwenye maji), na sukari kikombe 1 tu. Mapishi ya kawaida yangekula sita!

Mara ya kwanza niliharibu. Pektini niliimwaga kavu kwenye juisi ya moto, ikafanya madonge kama ugali mbichi. Ichanganye na sukari kwanza. Maelekezo yanasema hivyo, ila kwa herufi za kuhitaji miwani, na hapo nawakata nyota moja.

Vichupa vyenye jeli nilivitokosa dakika 15, maana Dodoma tuko juu, kama mita 1,100, na maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Vifuniko vyote vililia "tik", yaani vimejifunga vizuri.

Ladha ni zabibu hasa, chachu kidogo. Kichupa kikifunguliwa kiwekwe kwenye friji na kiishe ndani ya wiki tatu. Chetu hakifiki siku nne.

Nyota 4.