Darasa la ushangiliaji wa mashindano, Malindi: wazazi hufunzwa kwanza

Nyota nne kati ya tano. Nawaandikia wazazi wenzangu wa Malindi ambao watoto wamewashikilia kuhusu "chia", yaani huu mchezo wa ushangiliaji (cheerleading), na hamjui mnaambiwa mlipie nini. Binti yangu yumo kwenye darasa hili la Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa kukodi upande wa Barani. Mimi ni fundi cherehani, kwa hivyo nitasema na ya nguo pia, maana hayo nayajua.

Kilichonifanya nimwandikishe ni siku ya wazazi. Kabla mtoto yeyote hajanyanyuliwa, kocha huita baba, mama, shangazi, hata nyanya aliyemleta mjukuu, akawapanga watatu watatu. Wawili hutazamana, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, viganja vimefunguliwa mbele ya tumbo. Wa tatu husimama nyuma. Kisha huwekewa mfuko wa mchele mikononi, na kocha anahesabu moja hadi nane: shusha, nyanyua, simamisha kifuani, teremsha. Nguvu zitoke mapajani, si kiunoni. Yule wa nyuma haruhusiwi kuondoa macho juu mpaka mzigo umefika chini kabisa. Baba mmoja aligeuka kuitazama simu iliyolia, mfuko ukamponyoka na kupasuka pembeni. Kocha hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mzee wangu, huyo alikuwa mtoto wa mtu." Ukumbi mzima ulinyamaza, na zile simu nyingine zote zikaingia mifukoni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchezo huu ni wa kushikana kabla ya kuwa wa kurukaruka. Wengi wetu tulidhani ni wasichana wa kupigia makofi timu ya mpira. Huu wa mashindano haumshangilii mtu mwingine. Kikundi huingia uwanjani na onyesho lisilozidi dakika mbili na nusu: kunyanyuana, piramidi, sarakasi, kuruka na densi, na waamuzi wanatoa alama. Mtoto akianguka, alama za kikundi kizima zinakatwa, hata za yule aliyefanya yake sawasawa. Kwa wazee waliokuwa wakinong'ona kuwa wavulana hawahusiki, kocha alieleza kwamba mchezo ulianzia Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1898, na walioongoza shangwe mwanzoni walikuwa wanaume. Akasema pia ukweli ambao wengine wangeuficha ili wauze: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi shirikisho la dunia la mchezo huu mwaka 2021, lakini mchezo wenyewe bado haumo kwenye ratiba ya Olimpiki. Mtu anayekwambia hivyo kabla hujatoa pesa unaweza kumwachia mtoto.

Ngazi nazo ni za maana kuzijua. Wanaoanza wako ngazi ya kwanza. Anayenyanyuliwa kwa miguu miwili huishia usawa wa mabega, na wa nyuma lazima awepo. Sarakasi ni kubiringika, kusimama kwa mikono na mfano wa hayo. Kujipindua hewani hakuruhusiwi. Watoto wetu sarakasi wanaianzia mchangani ufuoni, tena za kutisha, na wazazi wengine walikasirika kuona kijana anayejua kujirusha anarudishwa kubiringika. Mimi namuunga mkono kocha. Mchangani unaanguka peke yako, hapa unaangukia mwenzako.

Vito vyote vinavuliwa. Mama mmoja aliomba abandike plasta juu ya herini za mwanawe, maana masikio yalikuwa yametogwa juzi. Alikataliwa kwa heshima: plasta haitoshi, sheria inataka herini itoke. Hina haina neno.

Sasa nguo. Mabinti wanaojistiri wanaruhusiwa suruali ndefu ya kubana, mikono mirefu, na mtandio unaoingia ndani ya shingo ya blauzi bila pini hata moja. Hilo limewaleta wengi ambao wangebaki nyumbani. Lakini sare wanayoiuza hairidhishi. Kitambaa kinavutika upande mmoja tu. Mtoto akiinua mikono, blauzi inapanda na tumbo linabaki wazi. Mshono wa makwapani ni wa cherehani ya kawaida, kwa hivyo unakatika uzi. Nguo hii inataka kitambaa cha kuvutika pande zote mbili, ishonwe kwa ovaloki, na zipu isikae popote atakaposhikwa, maana meno ya zipu yatamchana mshikaji kiganja. Ya binti yangu nimeishona mwenyewe, nikaongeza kipande cha pembe nne chini ya kwapa. Fundi yeyote hodari wa hapa Malindi anaweza, na kwa bei ya chini kuliko yao. Waruhusu wazazi wachague fundi, ilimradi rangi ziwe moja.

Nyota iliyopungua ni ya sakafu. Uwanja kamili wa mashindano una vipande tisa vya godoro jembamba vilivyounganishwa kwa utepe wa kunata wa kushonwa (velcro), karibu mita 16.5 kwa 12.8. Hapa kuna magodoro machache juu ya saruji, na yanaachana kila watoto wakirukia. Nimeona mguu wa mtoto ukiingia kwenye ule mwanya. Utepe huo unauzwa madukani, na kuushona si kazi ya siku nzima. Nimemwambia kocha nitaushona bila malipo akileta magodoro dukani kwangu, na amekubali kuyaleta kabla ya mafunzo ya kunyanyuana kuendelea.

Ada ni shilingi 200 kwa Jumamosi. Fikeni kabla ya saa mbili, ukumbi haujapata joto, mje na maji, kucha za mtoto ziwe fupi. Na muulizeni kocha mapema gharama za kusafiri kwa mashindano, kwa sababu hadi sasa hazijaandikwa popote, na wazazi tunahitaji kuzijua tuanze kuweka akiba.