Agano Jipya na Zaburi la mfukoni: je, linamtosha aliye katika mateso?

Mgonjwa aliyelazwa, mfungwa au mfiwa akiletewa kitabu cha kumfariji, mara nyingi huwa hiki: Agano Jipya na Zaburi, toleo dogo la kuingia mfukoni. Ni chepesi, na kanisa linaweza kununua vingi kwa pamoja likagawa. Ndani mna vitabu 27 vya Agano Jipya na Zaburi 150. Matoleo mengine huongeza sura 31 za Mithali. Tunachopima hapa ni kama kinamtosha Mkristo anayeumia na anayetaka kujua Mungu ana kusudi gani na maumivu hayo. Kwa wiki za mwanzo kinatosha, tena kinafaa kuliko Biblia nzima, mradi kisomwe kuanzia nyuma.

Zaburi kwa kawaida huchapwa baada ya Ufunuo. Anayefungua mwanzo hukutana na ukoo wa Yesu katika Mathayo 1, majina kwa majina, na kama ana homa au hajalala tangu juzi, hafiki mbali. Zaidi ya theluthi moja ya Zaburi ni maombolezo, yaani maneno ya watu waliomlilia Mungu shida ikiwa bado haijaisha. Mateso yanasomewa huko kwanza, na kusudi linakuja baadaye. Wengi hugeuza mpangilio huo: wanamtafutia mtu maana ya msiba wake kabla hajapata nafasi ya kulia mbele za Mungu, kisha wanashangaa kwa nini ameacha kuomba.

Anza na Zaburi 13. Ina mistari 6 tu. Mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi la moja kwa moja: uangalie, unijibu, nisije nikafa. Mstari wa 5 na wa 6 ni tumaini na wimbo. Isome kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona. Baada ya mstari wa 2 simama, utaje jambo lenyewe kwa jina lake: matokeo ya vipimo, deni, mtoto aliyefariki, ndoa iliyovunjika. Usiseme "changamoto". Kisha endelea na ombi. Ukifika mstari wa 5 na moyo ukakataa, ishia wa 4, kesho rudi ulipoishia. Kulazimisha shangwe ya mstari wa 6 siku ya kwanza kunamfundisha mtu kumdanganya Mungu, na uongo huo ukizoeleka maombi yote yanakuwa makavu.

Kwa asiyeweza kufika kwenye shangwe kwa muda mrefu kuna Zaburi ya 88, mistari 18, inayomalizikia gizani bila kugeuka. Kitu pekee kinachoishikilia ni kwamba mwandishi bado anamwita Mungu, Mungu wa wokovu wake, katika mstari wa kwanza kabisa. Kwamba ombi kama hilo limeachwa ndani ya Maandiko ni jambo kubwa sana kwa mtu anayeogopa kuwa amekosa imani. Hata hivyo, mwenye sonona nzito au mawazo ya kujiua asiachiwe zaburi hiyo peke yake usiku. Awe na mtu karibu, na apelekwe kwa daktari.

Kisha soma Zaburi ya 22, na mara moja urudi Mathayo 27:46, ambako Yesu msalabani analia kwa maneno ya kwanza ya zaburi hiyo. Baada ya hapo Zaburi 31:5 na Luka 23:46. Hapa ndipo muungano wa vitabu hivi viwili unapolipa: zaburi na msalaba vipo katika mkono mmoja, na msomaji anaona kwamba kilio chake kimeshapita kinywani mwa Bwana. (Matoleo yanayofuata hesabu ya Kigiriki huziita 21 na 30, kwa hiyo usidhani ukurasa umepotea.)

Aliyetendewa uovu na mtu mwingine atahitaji pia zile zaburi kali, kama ya 109, ambazo wengi huziruka kwa kuona haya. Azisome pamoja na Warumi 12:19. Hasira inapelekwa kwa Mungu ikiwa nzima, na kisasi kinabaki kwake.

Baada ya hapo ndipo nyaraka, yaani barua za mitume, zisomwe. Ukiuliza kusudi la mateso, jibu lililo wazi kuliko yote ndani ya kijitabu hiki liko 2 Wakorintho 1:3-11. Mungu anatufariji ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki ya namna yoyote, na katika mstari wa 8 Paulo anakiri kwamba yeye na wenzake walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi. Ni kusudi linaloweza kushikika: faraja unayopokea leo ina mtu inayemsubiri. Lakini ipo kwanza faraja, ndipo huduma. Mfiwa anayesukumwa kuwashuhudia wengine jeraha likiwa bichi hana bado cha kuwapa.

2 Wakorintho 12:7-10 inafaa kwa ugonjwa usiopona. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomsumbua mwilini uondoke, na haukuondoka. Alipewa neema ya kutosha. Kifungu hiki kinawalinda wagonjwa dhidi ya wanaowaambia kwamba wangeamini zaidi wangekuwa wameshapona.

Warumi 8:28, unaosema kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, ndio mstari unaotumiwa vibaya kuliko yote. Ukitolewa peke yake kaburini, mfiwa anasikia kwamba kifo kile ni kitu chema. Rudi mstari wa 18 uteremke polepole. Viumbe vyote vinaugua katika mstari wa 22, waamini wanaugua katika wa 23, na Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua katika wa 26. Ukiusoma wa 28 baada ya kuugua huko kote, hausikiki kuwa unauita msiba jema. Na wa 29 unaeleza jema lenyewe ni lipi, kufananishwa na mfano wa Mwana. Anayetafuta kusudi asiishie 28.

Swali la nani alitenda dhambi lijibiwe mapema, maana linatafuna watu kimyakimya. Yohana 9:1-3, Yesu anakataa kumlaumu kipofu au wazazi wake. Luka 13:4, watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa waovu kuliko wenzao.

Vifungu viwili vinahitaji mkono wa uangalifu: Waebrania 12 kuhusu kurudiwa, yaani kuadibishwa, na Bwana, na 1 Petro 2:18-21 kuhusu kuvumilia mateso yasiyo ya haki. Usimpe mke anayepigwa vifungu hivi na kumwambia avumilie. Paulo huyohuyo aliyefurahi katika dhiki alishushwa ukutani kwa kapu akakimbia Dameski (Matendo 9:25), akadai haki yake ya uraia alipokuwa karibu kupigwa mijeledi (22:25), na akakata rufani kwa Kaisari (25:11). Timotheo aliyekuwa akiugua mara kwa mara aliagizwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Mateso yanayoepukika kwa njia halali yaepukwe. Kusudi la Mungu halitapotea kwa sababu umemeza dawa au umehama nyumba hatari.

Sasa kitabu chenyewe kama kitu. Tazama mgongo kabla ya kununua. Mwenye dripu anashika kwa mkono mmoja, na kitabu kilichobandikwa kwa gundi tupu hujifunga kila anapolegeza kidole gumba. Kilichoshonwa kwa uzi hubaki wazi juu ya blanketi. Karatasi nyembamba sana huonyesha maandishi ya upande wa pili, na maneno ya Yesu yakichapwa kwa wino mwekundu hufifia kwenye taa hafifu ya wodi. Maandishi ni madogo karibu katika matoleo yote, kwa hiyo mzee au mgonjwa wa macho anunuliwe Zaburi za maandishi makubwa au asomewe. Baadhi huwa na orodha mbele ya mistari ya kusoma ukiwa na huzuni, hofu au upweke. Orodha hiyo ndiyo sehemu dhaifu, kwa kuwa hukata mstari mmojammoja kutoka mahali pake. Warumi 8:28 mara nyingi imo.

Unayekipeleka kwa mtu, weka utepe au kipande cha karatasi kwenye Zaburi 13. Usiandike maelezo jaladani kwa nini Mungu ameruhusu jambo hilo. Kaa, soma zaburi hiyo moja kwa sauti, haifiki dakika mbili, na usiihubiri.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba Ayubu hayumo, wala Maombolezo, wala Habakuki. Kwa shida ya wiki chache pengo hilo halisikiki sana. Mtu anayeuliza "kwa nini mimi" mwezi baada ya mwezi atalihisi, kwa sababu sura 42 za Ayubu ndizo zinazokaa na swali hilo kwa urefu, na ndizo zinazoonyesha marafiki waliofanya vema kwa siku saba za kunyamaza kisha wakaharibu walipoanza kueleza. Huyo mnunulie Biblia nzima, na umwelekeze aanzie sura ya 3, Ayubu anapofungua kinywa chake.