Vidonge vya kila siku au sindano ya miezi 6?
Vidonge vya prep, yaani dawa anayotumia mtu asiye na virusi ili asiambukizwe, kama Truvada vinakukinga na virusi vya ukimwi vizuri tu ukimeza kila siku, shida ni hiyo kila siku yenyewe. Kuna dada tunauza naye nguo hapa Busia, alivitoa kwenye kopo akavifunga kwenye leso maana kopo lilikuwa linalia kachakacha kwenye mkoba na watu wakaanza kunong'ona eti kashaathirika. Sindano ya lenakapaviri, nayo ni prep, unachomwa tumboni chini ya ngozi mara 2 kwa mwaka, basi, hakuna kopo. Kwenye utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotoa matokeo 2024, kati ya wasichana 2,134 waliochomwa hakuna hata 1 aliyepata virusi, wa Truvada 1,068 wakapata 16, na wengi walikuwa wanaruka dozi. Sindano nayo ina mambo yake, siku 2 za mwanzo unameza vidonge pia, halafu inaweza kuacha kivimbe pale ilipoingia, na ukiacha, dawa inakaa mwilini miezi kibao. Mi ningechukua sindano. Ila kondomu haiondoki, kaswende haizuiwi na yoyote hapo.