Nyumba ya mawe ya Lamu au nyumba ya udongo na korido: ipi bora?

Huu ubishi hauishi pwani, so tuziweke pamoja.

Kwa sitara, ile ya mawe iko mbele kabisa. Mgeni anaishia dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, kwenye viti vya mawe, akipitishwa mlango anakutana na tekani, kijiukumbi cha ndani pale njia inakata kona, kwa hiyo hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni kiwanda (ua wa ndani) wala wanawake wa ndani, na jirani akiwa ni ndugu basi kuna wikio, daraja la kuunganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, mtu anavuka bila kukanyaga mtaani. Dini na heshima vimejengwa ukutani kabisa! Nyumba ya korido, vyumba pande mbili na korido katikati, zile za Kariakoo Dar na Ng'ambo kule Unguja, sitara yake ni uani tu, huko nyuma kwenye jiko na choo, mbele ni baraza wanaume wanapiga soga.

Ila gharama sasa. Mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko ni hela, tena boriti kwa ufupi wake ndo zinafanya vyumba viwe vyembamba, na ukipiga plasta ya simenti badala ya chokaa unyevu unabaki ukutani unaula. Udongo na fito unakandika mwenyewe na majirani, ingawa kila baada ya masika kuna kukarabati.

Una familia kubwa ya kurithishana, mawe. Unataka kupangisha chumba kimoja kimoja? Korido, hata usifikirie mara mbili.