Kozi ya vijana wa kujitolea, Moshi: kazi za mikono ni safi, ugomvi umebaki darasani

Kozi hii inatolewa kwenye kituo kimoja nje kidogo ya Moshi, njia ya kwenda Himo. Ni ya vijana wanaojiandaa kwenda kukaa miezi kadhaa kwenye vijiji vilivyopitia mapigano au watu kufurushwa, wakasaidie wenyeji kurudi kwenye kilimo, mifugo na biashara ndogo. Inachukua wiki tatu kwa laki nne na nusu, malazi na chakula humo humo. Maharage ni ya kila siku, maji ya moto ni ya kubahatisha. Hayo yanavumilika.

Ratiba imekatwa vipande viwili: wiki ya kwanza amani na migogoro, wiki ya pili na ya tatu shughuli za kipato. Mkato huo ndio unaoiponza kozi, lakini tuanze na kinachostahili sifa.

Somo la kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, ni zuri kweli. Mkufunzi haanzi na maelezo, anaanza na sanduku. Analiweka mezani likiwa na kufuli tatu, analigeuza mgongo, anachomoa bisibisi mfukoni na kufungua skrubu za bawaba za nyuma. Kifuniko kinanyanyuka, kufuli zote tatu zikiwa zimefungwa vilevile. Baada ya hapo hakuna kijana atakayenunua sanduku lenye bawaba za skrubu za nje. Zinatakiwa zichomelewe, na kazi hiyo fundi wa kuchomelea yeyote anaimaliza haraka.

Vya kuwekwa ndani vinatajwa kimoja kimoja: vitabu vya hisa, muhuri na wino, kikokotoo, mabakuli mawili ya kuhesabia, bakuli la faini, na mifuko miwili ya kitambaa yenye rangi tofauti, mmoja wa mikopo na mwingine wa mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na ugonjwa. Wanachama wawe 15 hadi 25. Kila mmoja anunue hisa 1 hadi 5 kila mkutano, na mkopo usizidi mara tatu ya thamani ya hisa zake. Washika funguo watatu wasiwe viongozi wala ndugu wa mtunza sanduku. Hakuna fedha inayopokelewa au kutolewa nje ya mkutano, hata kama mwenyekiti ana haraka.

Hesabu ya mgao wa mwisho wa mwaka inafanywa kwa fedha za kuigiza zilizokatwa kwenye maboksi, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Chukua wanachama 25, wastani wa hisa 3 za sh. 1,000 kwa wiki: sh. 75,000 kila mkutano, na kwa wiki 52 hisa zinafika 3,900. Fedha yote pamoja na riba ikiwa sh. 4,680,000, gawanya kwa hisa, kila moja inarudi na sh. 1,200. Mara kwa mara kuna kundi linalogawanya kwa vichwa, kila mwanachama sh. 187,200, na aliyekuwa ananunua hisa tano kila wiki anajikuta ametoa sh. 260,000 na kurudishiwa pungufu. Mkufunzi anawaacha wakosee kwanza, kisha anampa mmoja wao kitabu chenye hisa 260 na kumwambia adai haki yake. Ni ufundishaji wa kiwango cha juu.

Pengo la somo hili ni sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Usajili unapitia halmashauri, na mlango wa kugonga ni wa afisa maendeleo ya jamii. Darasani halitajwi hata kwa pembeni. Kijana anayeanzisha kikundi bila kujua hilo anawaachia wanachama wake kesi. Suala la riba nalo limeruka. Wapo Waislamu ambao hawatakopa wala kukopesha kwa riba, na kikundi kinahitaji kuwa na jibu kabla ya mkopo wa kwanza kutoka.

Uhifadhi wa mahindi umepewa asubuhi moja na inatosha. Kipimo cha unyevu ni cha chupa na chumvi: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mahindi theluthi yake, kijiko kikubwa cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi iking'ang'ania ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Ikianguka chini, nenda kwenye mifuko ya tabaka tatu ambayo wadudu hufa humo kwa kukosa hewa. Kila mfuko wa ndani ujazwe upepo na kubanwa kwanza ili kusikiliza kama umetoboka, na kila tabaka lifungwe peke yake. Wanaofunga yote matatu kwa kamba moja hupata mafundo mazuri na mahindi yenye dumuzi.

Chanjo ya mdondo, ugonjwa unaoitwa pia kideri, kwa kuku wa kienyeji imefundishwa kwa kuku hai, si kwa picha. Ni ya aina iitwayo I-2, tone moja jichoni kwa kila kuku, mkubwa kwa kifaranga, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Mkazo wa mkufunzi ni kutochanja banda ambalo tayari lina wagonjwa: watakufa kwa mdondo, lakini kijiji kitasema wameuawa na chanjo, na hutapewa kuku wa pili kumshika.

Nyuki wana siku mbili. Mzinga ni ule wa viunzi vya juu, na kinachosisitizwa ni upana wa kiunzi: milimita 32. Vijana wanapewa mbao na futi, wanakata, kisha mkufunzi anapita na kipande cha chuma cha kipimo na kutupa pembeni kila kiunzi kisichoingia. Siku ya kwanza vingi vinatupwa, kwa sababu randa ya fundi wa mtaani haijali milimita tatu. Nyuki wanajali. Kiunzi kikiwa kipana, sega linaanza kupinda na kushika viunzi viwili au vitatu kwa pamoja, na siku ya kuvuna ukinyanyua kimoja unapasua asali na watoto wa nyuki kwa mkupuo. Mstari wa nta uwe katikati kabisa ya kiunzi, mzinga utundikwe kwa waya ili nyegere asiufikie, na waya zipakwe grisi kuzuia sisimizi.

Sasa wiki ya kwanza. Ni mihadhara mitupu. Inaelezwa jinsi wafugaji na wakulima walivyouana Rudewa Mbuyuni, Kilosa, Desemba 2000, watu 38 wakapoteza maisha. Inaelezwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Yote sahihi. Kisha Jumatatu inafika, sanduku linaletwa, na hakuna anayeuliza tena nani aligombana na nani.

Ilhali ugomvi uko kwenye vitu hivyo hivyo. Kijiji kikiwa na pande mbili na funguo zote tatu zikashikwa na upande mmoja, upande wa pili hautaweka hata shilingi, na hautasema kwa nini. Siku ya mkutano ikiangukia siku ya mnada, wafugaji wamefungiwa nje bila mtu kuwafukuza. Mizinga ikitundikwa karibu na njia ya ng'ombe kwenda lamboni, ng'ombe wa kwanza kuumwa na nyuki anaamsha kesi iliyokwisha kusuluhishwa. Shamba la mfano likilimwa kwenye mapito ya mifugo, eti kwa sababu ndiyo ardhi iliyokuwa wazi, kijana ameshachagua upande kabla ya mahindi kuota. Mchanjaji wa kuku akiwa wa upande mmoja, ataishia kuchanja nusu ya kijiji. Zoezi la siku moja tu, kuchora ramani ya kijiji chini kwa kijiti kisha kuuliza kila mradi unapita wapi na funguo zinalala kwa nani, lingeunganisha vipande hivi. Wakufunzi wenyewe wana uwezo huo. Ratiba ndiyo inayowatenganisha.

Wanaojiandaa kwenda Burundi wana lalamiko la ziada. Sheria za ardhi za Tanzania haziwasaidii huko, na Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi, wa Agosti 28, 2000, wenye itifaki ya nne inayogusa kurudi kwa wakimbizi na ardhi zao, haukutajwa. Umesainiwa mwendo wa daladala kutoka hapo.

Kwa anayejua tayari kusikiliza pande mbili na anachokosa ni ufundi, fedha yake haipotei. Asiyewahi kukaa kwenye kijiji chenye kisasi atafute kwanza mahali pengine pa kujifunzia hilo. Ukienda, beba futi ya chuma yako, za kituo zimefutika namba, na buti za mpira kwa siku za nyuki. Na kabla ya kulipa, uliza kama mkufunzi wa nyuki atakuwepo kwa tarehe zako. Asipokuwepo, siku zile mbili mnawekewa video.