Gertrud watatu: uzoefu wangu na tovuti ya nasaba ya kulipia

Naishi Braunschweig, Ujerumani, na ndugu akija kunitembelea kutoka nyumbani lazima nimpeleke kanisa kuu, kwenye kaburi la Heinrich der Löwe (Heinrich Simba), mtawala wa majimbo ya Kijerumani ya Saksonia na Bavaria katika karne ya 12, na mkewe Matilda, binti wa mfalme wa Uingereza. Wamechongwa kwenye jiwe wamelala ubavu kwa ubavu, Heinrich kashika kanisa dogo mkononi. Wageni huuliza swali lile lile: huyu ni mtoto wa nani? Ili niweze kujibu, mwaka jana nililipia miezi mitatu kwenye tovuti moja kubwa ya nasaba, euro 15 kwa mwezi.

Uzuri wake upo. Ukibonyeza jina, ukoo mzima unafunguka, wazazi juu, watoto chini, na hata kwenye simu unasomeka bila taabu. Jioni ya kwanza tu nilielewa jambo lililokuwa likinichanganya: Judith, mama yake Kaisari Friedrich Barbarossa, ni dada wa baba yake Heinrich. Tovuti inaandika kwa Kijerumani kwamba hao ni mabinamu, basi. Sisi tuna namna ya kulisema kwa ukamilifu: Heinrich ni mtoto wa mjomba wake Kaisari. Nikiwaambia wageni kwamba mwaka 1180 Barbarossa alimnyang'anya mtoto wa mjomba wake Saksonia na Bavaria, wanashika vichwa.

Taabu ilianza nilipofika upande wa wanawake. Mama yake Heinrich ni Gertrud, mtoto pekee wa Kaisari Lothar III, aliyezaliwa 1115 na kufariki 1143. Bibi mzaa mama wa Gertrud huyo naye ni Gertrud, wa Braunschweig hapa hapa, aliyefariki 1117. Heinrich naye alipopata binti akamwita Gertrud. Huyo alikuja kuolewa na Knut VI wa Denmark. Jina linaruka kizazi, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, kama mimi nilivyopewa jina la mama mzaa baba. Makabaila wa wakati ule hawakuwa na majina ya ukoo kama ya leo, kwa hiyo majina yanayorudi namna hii huwasaidia watafiti kujua nani ni wa nyumba ipi.

Sasa tovuti imewaunganisha Gertrud wawili wa kwanza wakawa mtu mmoja. Richenza, mke wa Lothar, anaonekana ni mama na tena ni mtoto wa mwanamke yule yule! Tarehe zimeandikwa palepale, kifo 1117, ndoa 1127, na hakuna onyo lolote. Niliwaandikia. Baada ya siku tisa nikajibiwa kwamba taarifa zinaingizwa na watumiaji, nimtafute aliyeziingiza.

Hilo liliniuma sana, kwa sababu Braunschweig yenyewe ilimfikia Heinrich kupitia kwa wanawake hawa: kutoka kwa Gertrud kwenda kwa Richenza, kwa Richenza kwenda kwa Gertrud wa pili, ndipo kwake. Ukiwachanganya, huwezi tena kueleza kwa nini kaburi lake liko hapa.

Nikaenda kwenye Regesta Imperii, orodha ya hati za wafalme na makaisari wa Ujerumani, na maktaba ya mtandaoni ya Monumenta Germaniae Historica, mkusanyo wa maandishi ya kale ya historia ya Ujerumani, zote bure. Ni Kilatini na Kijerumani kizito, ukurasa mmoja unaweza kukumalizia jioni nzima. Lakini humo ndimo nilimosoma harusi ya Gertrud binti Lothar ilivyofanyika Gunzenlech, karibu na Augsburg, kama inavyosimuliwa katika historia ya ukoo wa mumewe iliyoandikwa karibu mwaka 1170, na nikaweza kuwatenganisha hao wawili kwa uhakika.

Sikuendelea kulipia. Kama wewe unautaka urahisi wake, lipia mwezi mmoja kwanza, na usiku huo huo watafute Gertrud hawa watatu. Ukiwakuta wawili, hamisha kazi yako kwenye karatasi kabla hujaanza kuongeza majina.