Brekti za shokomzoba, gereji ya Changamwe: vipimo safi, rangi bado

Pikapu ikishapandishwa inchi 4, brekti za kiwandani, yaani vyuma vinavyoshika ncha za shokomzoba, hazitoshi tena. Shokomzoba huvutwa hadi mwisho kila tairi likiingia shimoni, bushi (mipira iliyo kwenye ncha zake) zikachanika. Gereji hii ndogo ya Changamwe hutengeneza brekti upya, na hii ndiyo hali ya kazi yake kwenye pikapu yenye springi za vyuma bapa mbele na nyuma.

Sifa yao kubwa: hawawashi mashine ya kuchomelea kabla ya kupima. Hufungua springi wakabakisha chuma kikuu peke yake, ili jeki ipandishe na kushusha ekseli bila shida. Shokomzoba hizi zina milimita 600 zikinyooka na 360 zikibanwa, yaani mwendo wa 240. Gari likisimama kwa uzito wake, wameacha 125 za kubanwa na 115 za kunyooka. Mpira wa kuzuia ekseli isipande zaidi huguswa wakati shokomzoba bado ina milimita 20 za kubanwa. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea: shokomzoba ikifika mwisho kabla ya mpira, pigo lote linaiangukia, na sikio (kipande cha brekti kinachoshika bolti) hukatika au fimbo ya shokomzoba hupinda. Halafu huinua tairi la upande mmoja tu, maana ekseli ikiwa mshazari ndipo shokomzoba hukwaruza tairi au paipu ya breki.

Shokomzoba za mbele wamezilaza digrii 15 kutoka wima, ambapo hubaki karibu asilimia 93 ya nguvu yake. Kwa digrii 45 ingebaki nusu tu, hata ikipendeza macho.

Masikio ni ya bamba la milimita 6, mawili kila ncha, kwa hiyo bolti ya milimita 12 imeshikwa pande zote. Bolti iliyoshikwa upande mmoja hupinda. Mnara wa juu, yaani brekti ya bomba inayoshika ncha ya juu ya shokomzoba, umekalia bamba la umbo la almasi, lililochomelewa ubavuni mwa chesisi. Hakuna mshono uliokatiza ukingo wa juu wala wa chini, ambako ufa huanzia. Malori makubwa yenye chesisi ya chuma kilichokazwa kwa moto hawayachomelei kabisa, hutoboa ubavu wakafunga kwa bolti. Ni sahihi kabisa.

Kasoro zipo. Masikio ya chini ya nyuma yananing'inia milimita 50 chini ya ekseli. Kwenye njia za mawe za Kwale yatagonga, yalifaa kupandishwa nyuma ya ekseli. Bushi za mpira zilikazwa ekseli ikiwa hewani, na zikiachwa hivyo hubaki zimejisokota hadi zipasuke. Legeza nati, shusha gari chini, kisha kaza.

Rangi ndiyo mbaya zaidi: mpulizo mmoja juu ya magamba ya kuchomelea, na ncha za bomba za mnara zimeachwa wazi. Kwa hewa ya chumvi ya Mombasa, kutu itaanzia ndani ya bomba, usikoiona. Kabla ya kuchukua gari, waambie wazibe ncha, wasugue mishono kwa grinda na kupaka rangi ya zinki kwanza.